Sista Tuambie: Kakidonda ka Kansa Kukatwa ni Pesa Ngapi?

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kwamba kidonda cha ngozi kikipitisha wiki 4 bila kupona kionyeshwe daktari. Barua zikaja, na karibu zote hazikuuliza kansa ya ngozi ni nini, zimeuliza pesa. Sawa kabisa. Nimefanya kazi thieta, chumba cha upasuaji, miaka 22 huku kwetu magharibi ya Kenya na nimeona mtu amelala kwa meza, sindano ya ganzi iko tayari kwa trei, anauliza bei, akiambiwa anashuka anavaa shati lake anaenda, na wengine wale niliwaona tena baada ya mwaka wakiwa hali nyingine kabisa. Kwa hivyo leo ni pesa tu, nimechagua barua 7.

Sista habari. Mimi ni mama wa watoto 4, nauza mchele hapa Ahero. Kijana wangu wa tatu ana miaka 22 na ana ualbino. Tangu Januari ana kidonda mbele ya sikio la kushoto, kinafanya kigaga, kigaga kikianguka damu inatoka kidogo halafu kinarudi tena. Saa hii kiko kama punje ya njugu. Tulienda kliniki ya private Kisumu, daktari akasema inaweza kuwa kansa lazima itolewe, akaniandikia karatasi: daktari 25,000, thieta 12,000, vifaa 6,000, nyinginezo 5,000. Hiyo ni 48,000 na mimi pesa kama hiyo sijawahi kushika kwa mara moja. Jirani amenionyesha jamaa wa sokoni anachoma vitu kama hivyo na dawa kwa 3,000, anasema ameponya wengi. Niambie ukweli, naonewa ama hiyo ndiyo bei, na huyu wa 3,000 nimwamini?

Mama yangu pole, na asante kwa kuniandikia hesabu yote maanake sasa naweza kukujibu vizuri. Nianze na huyu wa 3,000 kabla hujaamua kwenda kwake. Usimpeleke kijana. Dawa za kuchoma, iwe ni asidi ya betri ama unga aliochanganya mwenyewe, zinakula ngozi ya juu pale panapoonekana, panakauka, kigaga kinaanguka, kovu linafunga na kila mtu anashukuru Mungu kwamba imepona. Chini ya kovu zile seli zilizobaki zinaendelea kuzaana na sasa hakuna mtu anaziona. Ikirudi inarudi imeshika gegedu la sikio ama tezi za shingo, na hapo ni kulazwa, ni kulazwa usingizi kabisa badala ya ganzi ya pale pale, ni kutolewa ngozi pajani ibandikwe usoni, pengine na mionzi wiki kadhaa mfululizo, na mashine ya mionzi haiko kila mji, kwa hivyo ongeza na mahali pa kulala. Kwa bei zako mbili hiyo ya 3,000 ndiyo ghali.

Sasa daktari. Amekuambia ukweli kwamba itolewe. Kwa mtu mwenye ualbino kidonda cha kigaga na damu, mahali jua linapiga kila siku, mara nyingi kinakuwa kasinoma ya skwamasi, aina moja ya kansa ya ngozi, na hiyo ikiwa bado ndogo kama punje ya njugu inakatwa kwa ganzi, inashonwa, kijana anarudi Ahero siku hiyo hiyo. Wanakata kile kidonda pamoja na ukanda wa ngozi nzima pembeni, kama milimita 4 hadi 6 kuzunguka, ili kusibaki kitu.

Je 48,000 ni haki? Mimi singebishana na ile 25,000 kama anayekata ni daktari wa upasuaji ama wa ngozi ambaye amezoea uso, kwa sababu mbele ya sikio ndipo panapita matawi ya neva inayosogeza uso, likikatwa moja nyusi haiinuki ama jicho halifungi vizuri, na pale nataka mkono unaojua. Kwa hivyo muulize bila woga, wewe ndiwe utakata ama ni mwingine, na umesomea nini. Jina lake unaweza kuliangalia kwa orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari, kwenye intaneti, kijana wako atakufungulia kwa simu. Kama ni daktari wa kawaida wa kutibu malaria na kikohozi na anataka 25,000 kwa uso wa mtoto wako, hapo ndio useme hapana.

Nitakachobishana nacho ni ile 5,000 ya nyinginezo. Nyinginezo ni nini? Kila kitu ndani ya thieta kina jina, kuna nyuzi, kuna bledi, kuna glavu, kuna ganzi, na hizo tayari ameziweka kwa vifaa 6,000. Rudi na karatasi yako umwambie hii 5,000 niandikie ni ya nini. Na si eti unamsumbua, Sheria ya Afya ya 2017 kifungu cha 8 inasema anayekutibu lazima akueleze njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake. Gharama imeandikwa mle ndani. Ni haki yako.

Halafu angalia kitu ambacho HAKIKO kwa ile karatasi. Sijaona maabara. Nyama ikitolewa lazima ipelekwe kwa daktari wa patholojia aiangalie na darubini, aseme ni kansa ama si kansa, ni aina gani na kama pembeni kote imeisha. Bila hiyo umelipia kukatwa na hujui umelipia nini. Sijaona kutoa nyuzi. Sijaona kubadilisha bandeji. Sijaona kurudi kwa daktari kusikia matokeo, na kuna mahali wanakutoza ada ya kuonwa upya kila ukiingia mlangoni. Na muulize hili hasa, maabara ikisema pembeni haikuisha na inabidi akate tena, hiyo ya pili nalipa tena yote ama nalipa vifaa tu? Awe ameandika jibu kabla hujatoa hata shilingi. Nimeona familia zimechanga mpaka mwisho halafu wakaambiwa irudiwe na hakuna mtu alikuwa amewaambia inaweza kutokea.

Kabla ya yote hayo lakini, ningekuwa wewe ningeenda kwanza Russia, ile hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, kliniki ya upasuaji, na ile karatasi ya private uende nayo. Utapiga foleni, pengine siku mbili tatu za kwenda na kurudi, na hizo siku mchele haujauzwa, hiyo pia ni gharama nakubali. Lakini kwa kawaida bei ya hospitali ya serikali iko chini sana ya hiyo, na ukishindwa kabisa kuna ofisi ya maafisa wa jamii wa hospitali, wale wanakaa na wewe wanaangalia hali yako ya nyumbani na wanaweza kupendekeza upunguziwe ama usamehewe. Wengi hawajui hiyo ofisi iko. Uiulize SIKU YA KWANZA, usingoje mpaka bili imeiva.

Nauli nayo ipangie. Kuna siku ya kuonwa, siku ya kukatwa, siku ya kutoa nyuzi, siku ya matokeo. Nyuzi za uso zinatolewa kati ya siku ya 5 na ya 7 na kazi hiyo muuguzi wa kituo cha afya cha karibu anaweza kuifanya, omba tu barua. Matokeo piga simu kwanza uulize kama yamefika ndio upande gari.

Na mama, mvue kijana shati umwangalie mwili mzima mchana kwenye mwanga, nyuma ya masikio, midomo, shingo, migongo ya mikono. Ukipata kingine kionyeshe siku hiyo hiyo, maanake viwili vikitolewa kwa kikao kimoja thieta inalipwa mara moja. Piga picha na simu ukiweka sarafu ya shilingi 20 kando ya kidonda, wiki ijayo piga tena vile vile, ukiona kinakaribia ukubwa wa sarafu unamwonyesha daktari kwamba hakingoji.

La mwisho kwako, ikweta inapita pale Maseno tu, jua letu halina huruma na ngozi isiyo na melanini, ile rangi inayokinga ngozi. Mwandikishe kijana kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ile NCPWD, wanatoa losheni ya jua bure kwa watu wenye ualbino kupitia hospitali za serikali. Losheni ile na kofia pana na mikono mirefu ndio itafanya nisipate barua yako nyingine kama hii.

Sista, daktari alimtoa baba kitu mgongoni hapa Nakuru. Baadaye akasema kupeleka nyama maabara ni 4,500 zaidi. Tulikuwa tumeishiwa, kaka akasema wachaneni nayo si imeshatoka. Tukapewa nyama kwa kachupa, iko nyumbani kwa friji, leo siku ya 6. Bado inafaa?

Inaweza kufaa! Inategemea ni maji gani yako kwa chupa. Fungua kidogo tu karibu na dirisha, usiweke pua. Kama harufu inachoma macho hiyo ni formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, nyama iko salama, inaweza kukaa hata wiki kadhaa, funga sawasawa. Itoe kwa friji ya chakula leo hii, weka mahali watoto hawafiki, formalini ni sumu. Isiguse friza kabisa. Hakikisha chupa ina jina la baba, tarehe na ilitolewa mahali gani mwilini, halafu mtafute hiyo 4,500 muipeleke.

Kama ni maji ya kawaida ama maji ya chumvi, nasikitika, pengine imeshaoza na hakuna daktari wa patholojia ataisoma. Mpigie aliyekata umwambie vile ilivyo.

Hii kitu inaniuma kuliko zote. Hospitali moja niliyofanya kazi kulikuwa na siku formalini imeisha stoo, kijana mmoja mgeni akaweka nyama ya mama fulani kwa maji ya chumvi, ikasafirishwa, ikarudi na barua ya mstari mmoja kwamba haisomeki. Yule mama alikuwa amelipa kila kitu. Ilibidi tungoje tuone kama itarudi, na hiyo ndiyo dawa aliyopata kwa pesa zake, kungoja. Kwa hivyo tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia ndugu za wagonjwa wasimame mlangoni waulize, nyama inaenda wapi, iko kwa formalini, nani anaipeleka, na namba ya maabara ni gani. Formalini inatakiwa iwe mara 10 ya ile nyama kwa wingi, si kumwagiwa kidogo juu juu.

Na kwa kaka yako, salamu zangu, mwambie hivi: kutoka ni jambo moja, kuisha ni jambo lingine, na darubini peke yake ndiyo inajua.

Sista, niliungua mguu na mafuta ya kukaanga 1998 nikiwa msichana. Kovu limekaa miaka yote hiyo, ila miaka miwili sasa lina kidonda katikati kama ukucha wa kidole gumba, hakikauki. Kila wiki nasafishwa dispensari ya private hapa Kakamega 400. Sasa mtu ananiambia ni kansa. Kansa kwa kovu jamani?

Ndio dada, kwa kovu. Kovu la moto ama kidonda cha miaka mingi kinaweza kugeuka, na kwa sisi watu weusi hii ni moja ya njia kubwa kansa ya ngozi inavyotupata, si lazima jua. Inachukua miaka mingi, mara nyingi 20, 30, ndio maana mtu anakuwa amesahau. Ishara zake ni kama hizo zako, kovu lililokuwa limetulia linafunguka, kingo zinainuka na kuwa ngumu, kinanuka, kinatoa damu.

Nimepiga hesabu yako. 400 kila wiki kwa miaka miwili ni zaidi ya 41,000 umelipa ukisafishwa, na hakuna aliyekata hata kipande kidogo akapeleka maabara. Simlaumu anayekusafisha kwamba hajui kusafisha. Ila kidonda kinachosafishwa vizuri miezi 3 na hakifungi kinataka swali lingine.

Unachohitaji sasa ni bayopsi, si kukatwa chote. Wanakupiga ganzi wanachukua vipande vidogo pale pembeni ya kidonda, zaidi ya mahali pamoja. Hiyo ni kazi ya dakika chache na ni bei ndogo ukilinganisha na upasuaji wenyewe. Nenda hospitali kuu ya kaunti hapo Kakamega, sema neno bayopsi kwa mdomo wako, watu wengi wanangoja daktari aliseme. Waambie pia waguse kinenani kama kuna mtoki, kwa sababu hii ya kovu hukimbilia tezi haraka kuliko ile ya jua. Kama ni yenyewe, kukatwa kwake kutahitaji kubandikwa ngozi, hapo bei inapanda na utalazwa, na hiyo hesabu tutaiangalia pamoja ukishapata matokeo. Usikope sasa kwa kitu hujajua.

Sista, binamu yangu yuko Minnesota, Marekani, anasema kule kuna njia ya kukata safu kwa safu wakiangalia na darubini papo hapo, anataka achange mama aende nje. Mama ana kasinoma ya basali, aina ya kansa ya ngozi, kwa shavu, sentimita 1, imepimwa tayari. Sisi ni wa Kisii.

Njia hiyo iko, ilianzishwa na daktari Frederic Mohs huko Marekani miaka ya 1930 na ni nzuri hasa kwa pua, kope na kansa iliyorudi. Lakini ya mama ni ndogo, ni ya aina isiyopenda kusafiri mwilini, na iko shavuni. Kwa basali isiyozidi sentimita 2, kukatwa kwa kawaida na milimita 4 za pembeni kunaiondoa yote kwa kama watu 95 kati ya 100. Mwambie binamu pesa ya tikiti ya ndege alipie mama daktari mzuri wa upasuaji wa ngozi hapa hapa nchini, alipe maabara, amnunulie kofia, na itabaki. Ila kama kiko chini kabisa ya jicho ama kimegusa kope niandikie tena, hapo jibu langu linabadilika.

Sista, nina madoa ya zambarau mguuni, mengi, hayaumi. Natumia ARV. Kukatwa yote ni bei gani? – Homa Bay

Usikatwe. Hayo yanafanana na kansa inayoitwa Kaposi, inaletwa na virusi vya aina ya hepisi, na kuyakata moja moja ni kupoteza pesa maanake yanatokea kwingine. Inatakiwa bayopsi ya doa moja tu kuhakikisha, halafu dawa za ARV zifanye kazi vizuri, na daktari akiona ni mengi anaongeza dawa za kansa za mshipa. Rudi kliniki yako ile ile ya ARV wiki hii, wavulie viatu, na kama una kikohozi cha damu ama doa mdomoni usingoje siku ya kliniki.

Sista mimi ni wa boda hapa Bungoma. Nilikuwa na ile bima ya afya ya serikali, NHIF, zamani. Mke wangu anatakiwa kutolewa kitu kwa mdomo wa chini. Nimejisajili SHA, hii bima mpya, lakini nikaambiwa hospitalini sijalipa, sasa nimejisajili ya nini?

Kijana wangu, hapa watu wengi wamekwama. NHIF iliisha, SHA ikachukua tarehe 1 Oktoba 2024. Kusajiliwa peke yake, ile ya *147# kwa simu, kunakufungulia zahanati na kituo cha afya, huko unaonwa kwa mfuko wa afya ya msingi. Lakini upasuaji na matibabu ya kansa vinatoka mfuko mwingine, ule wa bima ya jamii, na huo unataka mchango uwe umeingia. Walioajiriwa wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sisi wa biashara na boda wanatuuliza maswali ya nyumba na mifugo na choo halafu mfumo unasema ulipe ngapi, haishuki chini ya 300 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka mzima mara moja. Kwa hivyo ukiwa kwa kiwango cha chini kabisa ni 3,600. Najua 3,600 kwa siku moja si kitu kidogo kwa mtu wa boda, lakini weka kando ya bei ya thieta uone. Mke na watoto wawe wameandikwa chini yako kama wategemezi, hilo liangalie kwa makini, nimeona mtu amelipa na mke hayuko kwa orodha.

Ukishalipa usikimbilie hospitali yoyote tu. Uliza mambo matatu dirishani: hii hospitali ina mkataba na SHA saa hii, upasuaji huu unahitaji idhini kabla na nani anaiomba, na SHA ikilipa sehemu yake mimi nabaki na ngapi. Idhini iombwe KABLA ya kukatwa. Ukikatwa leo ukaja kuomba kesho hiyo ni pesa yako. Risiti zote weka, hata za pamba.

Mdomo wa chini usiuchelewe. Mdomo ni mahali pabaya kwa kansa, inaenda tezi za shingo mapema kuliko ya mkononi.

Sista, mimi ni mkulima wa viazi Molo, nina miaka 61. Chini ya unyayo wa kulia nina doa jeusi, mwaka jana lilikuwa kama kichwa cha msumari sasa ni kama kifungo cha shati, kingo zake haziko sawa na limeanza kulowa. Haliumi. Nilifikiri ni mwiba. Mwanangu anasema nikatwe lakini nimemwambia tungoje viazi vitoke, mwezi wa saba nitakuwa na pesa ya kulipa yote pamoja. Ni pesa ngapi nitenge?

Baba, barua yako nimeisoma mara tatu. Hii siwezi kukupa hesabu ya mwezi wa saba.

Doa jeusi la unyayo, la kiganja ama chini ya kucha, linalokua na kubadilika, kwa mtu mweusi ndipo melanoma, kansa kali ya ngozi, inapenda kukaa. Bob Marley ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Sikutishi, pengine lako si yenyewe, kuna damu iliyovilia chini ya ngozi na inafanana sana, kuna chunjua pia. Ila damu iliyovilia huisha yenyewe, haikui mwaka mzima ikafika kifungo cha shati.

Bei ya melanoma inapimwa kwa milimita. Nataka unielewe hapa, maanake umesema unangoja ili ulipe vizuri. Maabara inapima imechimba chini kiasi gani. Ikiwa haijapita milimita 1, daktari anakata sentimita 1 ya ngozi nzima kuzunguka, na wengi sana wanaishi miaka yao. Ikipita milimita 2 ukanda ule unakuwa sentimita 2, na unyayo hauna ngozi ya ziada ya kuvuta, kwa hivyo ni kubandikwa, ni magongo, ni kutoingia shamba miezi, na tezi za kinenani ziangaliwe pia. Ikishaondoka mguuni ikaingia mwilini, dawa zake za kuamsha kinga ya mwili zinauzwa bei ambayo shamba lako lote la viazi haliwezi. Hizo milimita zinaongezeka sasa hivi viazi vikiwa bado udongoni.

Na pesa ya kuanza si hiyo unayoifikiria. Siku ya kwanza unalipa kuonwa. Siku ya pili, ama hiyo hiyo, unatolewa doa lote dogo kwa ganzi na linaenda maabara. Hiyo ndiyo peke yake unahitaji kutafuta wiki hii, hayo mengine hayajafika na pengine hayatafika. Gunia chache za viazi vya msimu uliopita zikiwa ghalani uza, ama kondoo mmoja, ama chama cha mama wa nyumbani kikusongeshee zamu. Mtu asikukwaruze hapo na wembe, asikuchome, na wewe mwenyewe usitoboe na sindano kutafuta mwiba.

Jumatatu asubuhi panda gari ya Nakuru na mwanao, mwende hospitali kuu ya kaunti, ile sisi wazee bado tunaiita PGH, muulize kliniki ya upasuaji. Osha miguu. Ukiingia kwa daktari usianze na magoti wala mgongo, vua kiatu, inua unyayo, umwambie doa hili limekua mwaka mzima na nataka litolewe lipelekwe maabara. Halafu mwanao aniandikie jioni hiyo mmeambiwa nini.